Mradi wa Kibiashara Unapoletwa Mashambani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wakazi wa Mombasa

Kaunti ya Mombasa hujulikana kwa bandari na hoteli zake, lakini anayevuka kivuko cha Likoni akaelekea Mtongwe na Shika Adabu, au anayepita Kisauni hadi Mwakirunge, hukuta watu wanaoishi kwa mihogo, minazi, mifugo na uvuvi. Huko ndiko ardhi ya maghala, yadi za makontena, matimbo ya mawe na viwanda inakotafutwa sasa, na huko ndiko maswali haya yanakotoka. Majibu yanaeleza sheria na desturi za ofisi za Kenya kwa lugha ya kawaida, wala hayachukui nafasi ya wakili aliyesoma karatasi zenu.

Je, asiye na hatimiliki anaweza kupinga mradi?

Anaweza. Ibara ya 42 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa kila mtu haki ya mazingira safi yenye afya, na ibara ya 70 inasema kwamba anayekwenda mahakamani kuitetea haki hiyo halazimiki kuthibitisha kuwa yeye mwenyewe au mtu mwingine amepata hasara au ameumia. Hakuna mahali ambapo Katiba inataka mlalamishi awe na hati ya shamba.

Jambo hili lina uzito wa pekee katika Pwani. Chini ya sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908, watu wa ukanda wa pwani wa maili kumi walitakiwa kuwasilisha madai yao ya ardhi, na ardhi ambayo haikudaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali ya kikoloni. Jamii nyingi za Wamijikenda, zilizomiliki kwa ukoo na si kwa karatasi, zikabaki nje. Ndiyo maana hadi leo tuna wazee waliozaliwa, wakaoa na kuzika wazazi wao katika shamba moja na bado wanaitwa maskwota, na tuna wenye nyumba wanaolipa ijara kila mwezi kwa mwenye ardhi ambaye hawajawahi kumwona. Afisa anayewaambia watu kama hao kwamba hawana la kusema kuhusu kiwanda kitakachojengwa kando ya kisima chao, kwa sababu hawana hati, anakosea kisheria. Hati ni muhimu katika suala la fidia, ambalo tutalifikia, lakini pingamizi la mazingira halisimami juu yake.

Tutajuaje kuna mradi kabla ya tingatinga kufika?

Mradi hutanguliwa na dalili. Wapimaji huweka vigingi, gari lisilojulikana hurudi mara kadhaa, mtu huanza kununua viwanja vinavyopakana kwa haraka. Dalili hizo zinatosha kuanza kuuliza, ingawa hazitoshi kuanza kulaumu.

Mahali pa kwanza pa kuuliza ni ofisi ya Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA, mjini Mombasa. Tangu mwaka 2019 miradi imepangwa kwa kiwango cha hatari: midogo huandikiwa ripoti ya muhtasari, ya kati huandikiwa ripoti pana zaidi, na mikubwa hulazimika kufanyiwa tathmini kamili ya athari za mazingira. Ulizeni mradi wenu umewekwa katika kundi gani, kwa sababu ndilo linaloamua maoni yenu yatatafutwa kwa kiasi gani. Mwekezaji ana kila sababu ya kutaka mradi wake uonekane mdogo. Timbo linaloombewa leseni kipande kwa kipande, ekari chache kila safari, ni mbinu inayopaswa kuelezwa kwa maandishi mapema.

Mahali pa pili ni idara ya mipango na ardhi ya kaunti. Anayetaka kubadilisha matumizi ya shamba kutoka kilimo hadi biashara au viwanda anahitaji idhini chini ya sheria ya mipango ya matumizi ya ardhi ya mwaka 2019, na ombi lake hutangazwa. Muda wa kupinga ombi kama hilo ni mfupi sana, kwa hiyo anayesubiri kikao cha mwisho wa mwezi huwa amechelewa.

Ofisi ikikataa kutoa nakala, andikeni ombi chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016. Taasisi ya umma ina siku 21 za kujibu, na ikinyamaza, malalamiko hupelekwa kwa Tume ya Haki ya Utawala. Barua ipigwe mhuri wa kupokelewa, nakala ibaki kwenu. Tunasisitiza mhuri kwa sababu bila huo itakuwa vigumu kuonyesha kwamba barua ilifika.

Tumeitwa kwenye baraza kuhusu mradi. Twende au tususie?

Nendeni, lakini nendeni mkijua baraza hilo ni la nini. Swali hili ndilo linalostahili jibu refu kuliko yote, kwa kuwa kesi nyingi za miradi hushinda au hushindwa kutokana na yaliyotokea chini ya mwembe siku hiyo.

Kanuni za tathmini ya mazingira za mwaka 2003 zinamtaka mwenye mradi mkubwa atafute maoni ya wanaoathirika kwa kubandika matangazo mahali panapoonekana, kuchapisha katika gazeti linalosomwa nchini kote, kutangaza redioni kwa lugha rasmi na ya wenyeji angalau mara moja kwa wiki katika wiki mbili mfululizo, na kufanya mikutano isiyopungua mitatu na wananchi ili kueleza mradi na athari zake na kupokea maoni, ya mdomo au ya maandishi. Kwa hiyo mkutano mmoja uliofanywa asubuhi ya Ijumaa, ambao tangazo lake lilifika kwa simu ya mzee wa mtaa jana yake, haukidhi.

Halafu kuna orodha ya mahudhurio. Mtu huingia, huandika jina, nambari ya kitambulisho na sahihi, hupewa soda na nauli, na baadaye orodha ile ile hufungwa nyuma ya ripoti kama ushahidi kwamba jamii ilishauriwa. Sahihi ya kuhudhuria si sahihi ya kukubali, lakini karatasi haijielezi. Kabla ya kutia sahihi, someni kichwa cha karatasi. Kama kimeachwa wazi, andikeni wenyewe kwa kalamu kwamba ni orodha ya waliohudhuria tu. Piga picha ya kila ukurasa. Teueni mtu wenu wa kuandika muhtasari wa kikao, pamoja na maswali yaliyoulizwa na yale ambayo hayakujibiwa, kisha mpelekeeni NEMA nakala ndani ya siku chache. Muhtasari wa mwekezaji utasema kwamba wakazi waliukaribisha mradi na kuomba ajira. Wenu useme kilichosemwa.

Mfano wa wazi zaidi uko Lamu. Mradi wa kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 huko Kwasasi ulikuwa na leseni ya NEMA, na mikutano ilikuwa imefanywa. Wakazi walipokata rufaa, Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira, ambayo kwa hakika ni jopo maalumu la rufaa, iliifuta leseni hiyo tarehe 26 Juni 2019. Mojawapo ya sababu kuu ni kwamba mikutano iliyotegemewa ilikuwa ya utangulizi, iliyofanywa kabla ya ripoti yenyewe kukamilika, hivyo wananchi hawakupata nafasi ya kuujadili utafiti uliohusu maisha yao. Haikutosha kuwaambia watu kwamba kuna jambo linakuja. Walipaswa kuonyeshwa jambo lenyewe na madhara yake.

Kususia kunaeleweka pale ambapo mkutano umewekwa katika uwanja wa mwenye mradi chini ya walinzi wake. Hata hivyo, anayesusia aandike sababu siku hiyo hiyo, na asiwaache wenzake wachache ndani bila mwandishi.

Pingamizi la maandishi liseme nini?

Liseme jambo linaloweza kuthibitishwa. "Hatuutaki mradi huu" ni maoni halali, lakini halimbani mtu yeyote. Linalobana ni kusema kwamba ripoti inaonyesha hakuna makazi ndani ya mita kadhaa ilhali kuna nyumba na chuo cha Qurani, kwamba visima vilivyotajwa ni viwili na kijiji kina vingi zaidi, kwamba barabara iliyochorwa kwa malori inapita makaburini, kwamba mikoko inayoitwa vichaka ndiko samaki wanakozaliana. Waandishi wa ripoti hufanya kazi nyingi mezani, na sehemu za ripoti moja huonekana wakati mwingine katika nyingine. Ukikuta ripoti ya Likoni inayotaja mto usiokuwepo Likoni, hilo pekee lina thamani kuliko kurasa tano za hasira.

Tajeni pia mnachokitaka: mradi ukataliwe kabisa, uhamishwe, au upewe masharti yaliyotajwa. Jamii nyingi huficha hili kwa kuogopa kuonekana dhaifu, kisha viongozi wake huitwa kando mmoja mmoja na kila mmoja akataja bei yake. Tangazo la ripoti hutaja mahali pa kuisomea na siku ya mwisho ya maoni, na pingamizi lifike kabla ya siku hiyo.

Mwekezaji anasema ardhi ni yake na atafanya apendavyo. Ni kweli?

Nusu yake. Ibara ya 40 inalinda mali yake, lakini umiliki haumpi ruhusa ya kubadilisha matumizi ya shamba bila idhini ya kaunti wala kuanza mradi unaohitaji leseni ya mazingira kabla ya kuipata. Asiyeridhika na uamuzi wa kaunti kuhusu idhini hiyo, na hapa hata jirani aliye na maslahi huhesabiwa, hukata rufaa kwa kamati ya uratibu ya mipango ya kaunti ndani ya siku 14.

Chunguzeni pia alivyonunua. Nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi, na ardhi ya urithi haiuzwi na mtoto mmoja kabla mahakama haijamweka msimamizi wa mirathi. Pale ardhi imesajiliwa kuwa ya jamii chini ya sheria ya mwaka 2016, mkataba na mwekezaji hausimami mpaka uidhinishwe na theluthi mbili ya wanajamii watu wazima katika kikao kilichoitishwa kwa ajili hiyo. Sahihi za wazee watatu hotelini hazitoshi, hata wakiwa wazee wa heshima.

Leseni imeshatolewa. Tumechelewa?

Hesabuni siku. Rufaa kwa Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira, lile jopo tulilolitaja, huwasilishwa ndani ya siku 60 tangu leseni itolewe, na msitegemee kuongezewa hata moja. Jamii hupoteza siku hizi kwa kumfuata mbunge, kisha mwakilishi wa wadi, kisha ofisi ya gavana, kila mmoja akiahidi kulishughulikia. Mwaweza kuwafuata wote, lakini fomu ya rufaa ijazwe wakati huo huo.

Fahamuni pia kwamba kukata rufaa peke yake si sawa na kusimamisha kazi. Ombeni, pamoja na rufaa, amri ya kubakisha hali ilivyo mpaka kesi isikizwe, na muambatishe picha zenye tarehe zinazoonyesha hatua ambayo kazi imefikia. Siku 60 zikipita, bado kuna Mahakama ya Mazingira na Ardhi, iliyo na kituo Mombasa, ambako madai ya kuvunjwa kwa haki za Katiba huweza kusikilizwa, ingawa wakili wa upande wa pili hatakosa kuuliza kwa nini hamkupitia jopo kwanza.

Sisi ni maskwota. Tunaweza kufukuzwa ili mradi upite?

Si kwa usiku mmoja. Marekebisho ya sheria za ardhi ya mwaka 2016 yanataka notisi ya maandishi ya miezi mitatu kabla ya kuondolewa kwa wakazi wasio na hati, na yanaweka masharti kuhusu namna ya kuwaondoa. Aliyekaa kwenye ardhi ya mtu binafsi kwa miaka 12 au zaidi, waziwazi, bila kuingizwa kwa ruhusa na bila kusumbuliwa, anaweza kuiomba mahakama imtambue kuwa mwenyewe. Anayelipa ijara, kwa bahati mbaya, ameshakiri kwamba ardhi si yake, na njia hiyo haimfai. Haitumiki kwa ardhi ya umma pia. Ushahidi wa ukaaji ni mnazi uliozaa, makaburi, kadi za kliniki, stakabadhi za maji na majirani wazee ambao bado wako hai. Rekodini maneno yao mapema kwa kiapo.

Je, serikali inaweza kutwaa ardhi yetu kwa ajili ya kampuni?

Serikali inaweza kutwaa ardhi kwa lazima kwa manufaa ya umma tu, kupitia Tume ya Kitaifa ya Ardhi, baada ya kutangaza katika Gazeti Rasmi na kufanya kikao cha kusikiliza wenye madai, na kwa fidia ya haki inayolipwa bila kuchelewa. Kampuni binafsi haina uwezo huo kwa biashara yake yenyewe. Ugumu huja pale mradi wa umma unapobeba biashara ndani yake, kama eneo maalumu la kiuchumi la Dongo Kundu, takriban ekari 3,000 upande wa Likoni, ambalo linajengwa kwa ajili ya viwanda na wawekezaji. Pale mjadala si tena kama ardhi itatumika, bali ni nani anahesabiwa, mti wake unathaminiwa vipi, na anahamia wapi.

Kwa ajili hiyo ibara ya 40(4) ikaririwe na kila familia: fidia inaweza kulipwa kwa wakaaji wa nia njema hata wasipokuwa na hati. Wathamini wanapopita, hakikisheni jina lililoandikwa ni la anayeishi na kulima, na kwamba wajane na watoto wazima wenye nyumba zao wameandikwa kivyao. Majina yaliyosahaulika siku ya kuhesabu hurudishwa kwa shida kubwa.

Wavuvi hawana shamba. Wana haki gani?

Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi wapatao 4,600 wa Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa hasara iliyosababishwa na ujenzi wa bandari. Bahari haikuwa na hati ya mtu, lakini riziki yao ilikuwa humo. Kwa wavuvi wa Mtongwe au wa mikoko ya Jomvu, funzo ni kuwa na kumbukumbu: orodha za BMU (vikundi vya wavuvi vya kusimamia fukwe), uzito wa samaki wanaopimwa dikoni kila siku, majira yao. Bila daftari, mwekezaji atasema kwamba hapo hapakuwa na samaki.

Vijana wetu wanataka ajira, na sisi tunaonekana maadui wa maendeleo.

Hoja ya ajira isidharauliwe, hasa na mtu mwenye mshahara. Ulizeni idadi ya kazi, ni za muda gani, ni za ujuzi upi, na nani atawafunza vijana. Kisha ombeni majibu yaandikwe katika masharti ya leseni au mkataba, si katika hotuba. Ahadi inayokataa kuandikwa imejieleza. Kijiji kilichogawanyika kisijifanye kimoja mbele ya afisa, kwani itagundulika. Ni afadhali kupeleka maoni mawili yaliyoandikwa vizuri kuliko moja lenye sahihi za kulazimishwa.

Tunaweza kuandamana?

Ndiyo, ibara ya 37 inaruhusu maandamano ya amani. Mpeni mkuu wa kituo cha polisi notisi si chini ya siku tatu wala zaidi ya siku 14 kabla. Msichome wala kung'oa kitu, na msimwite mtu mwizi katika vikundi vya WhatsApp bila ushahidi, maana kesi ya kashfa humaliza pesa za kijiji haraka kuliko kesi ya mazingira.

Nani atatusaidia, na kwa gharama gani?

Mashirika mawili ya haki, Kituo cha Sheria na MUHURI, yamekuwa yakishughulikia haki za ardhi na za raia hapa Mombasa kwa miaka mingi, na kuna huduma ya kitaifa ya msaada wa kisheria iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2016. Mchango wa kijiji uwekwe kwenye akaunti yenye watia sahihi watatu, mmoja wao mwanamke, na hesabu isomwe hadharani.

Mradi umeshajengwa na tunaugua. Bado kuna njia?

Ipo, lakini ni ndefu. Owino Uhuru, kijiji kilichopakana na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za risasi katika eneo la Mikindani, kilitiwa sumu kwa miaka. Wakazi wakiongozwa na Phyllis Omido, aliyetunukiwa Tuzo ya Goldman mwaka 2015, walipambana mpaka kiwanda kikafungwa mwaka 2014. Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwezi Julai 2020, Mahakama ya Rufaa ikaitengua mwaka 2023, na Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Taasisi za serikali zilikuwa miongoni mwa waliobeba lawama, kwa kuwa kiwanda kilifanya kazi chini ya usimamizi wao.

Kilichowasaidia ni vipimo vya damu vya watoto na sampuli za udongo zilizochukuliwa kiwanda kikiwa bado kinafanya kazi. Mkianza kuona kikohozi, upele au mifugo inayokufa, nendeni zahanati na mtake kila ugonjwa uandikwe kwenye kadi, chukueni sampuli za maji pamoja na afisa wa afya ya umma wa wadi, na mwombe NEMA nakala ya ukaguzi wa kila mwaka ambao mwenye mradi analazimika kuufanya. Ukaguzi huo usipokuwepo, hilo ni kosa linalojitegemea, na laweza kuripotiwa siku hiyo hiyo.